Magari ya Kesho na Kinywe cha Mahenge

Mwaka 2024 yaliuzwa duniani magari ya umeme zaidi ya milioni 17, na zaidi ya milioni 11 kati ya hayo yalinunuliwa katika nchi moja tu, China. Nchini Norway, ambayo yenyewe ni muuzaji mkubwa wa mafuta, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa mwaka huo hayakuwa na injini ya petroli wala ya dizeli. Ofisi na shule ambazo bado zinalizungumzia gari la umeme kana kwamba ni ndoto ya watu wa Ulaya zimekwisha kuchelewa kwa miaka kadhaa.

Kilichobadili mambo ni betri. Mwaka 2010 betri ya kuhifadhi yuniti moja ya umeme iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Kufikia mwaka 2024 wastani ulikuwa umeshuka hadi dola 115. Mota yenyewe si chombo kipya, na siku zote imeishinda injini kwa matumizi bora ya nishati. Injini ya petroli hupoteza kama robo tatu ya nguvu ya mafuta kwa joto na moshi, wakati mota hufikisha zaidi ya robo tatu ya nguvu ya umeme kwenye magurudumu. Kilichokosekana ni ghala la umeme la bei nafuu, na ghala hilo sasa limepatikana. Ama yale magari yasiyo na dereva, ambayo tayari yanabeba abiria katika miji ya Phoenix na San Francisco, hayo yanaweza kusubiri. Gari la namna hiyo likiingizwa Kariakoo saa kumi alasiri litasimama papo hapo hadi soko lifungwe.

Bara la Afrika nalo halikulala. Ethiopia, ambayo karibu umeme wake wote hutokana na maji, ilitangaza mwanzoni mwa mwaka 2024 kwamba haitaruhusu tena kuingizwa nchini kwa magari binafsi ya petroli na dizeli. Rwanda ilikoma kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria mjini Kigali kuanzia Januari 2025. Sababu za nchi hizo zinaeleweka vizuri na Mtanzania yeyote anayekumbuka miaka ya 1970 na 1980. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, na tena mwaka 1979, fedha za kigeni ziliyeyuka, hata ikafika magari kupigwa marufuku kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana. Petroli na dizeli inayotumika Tanzania bado inanunuliwa nje. Lakini umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kutoka mitambo 9 katika Mto Rufiji, haununuliwi kwa dola, na usiku watu wanapolala sehemu kubwa ya umeme huo inaweza kujaza betri bila kumnyima mtu taa.

Hata hivyo, si lazima gari la kesho lifike Tanzania likiwa la kesho. Kati ya mwaka 2015 na 2018, kwa hesabu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 ya hayo yaliletwa Afrika. Kadiri mataifa hayo yanavyohamia kwenye umeme ndivyo yatakavyotafuta mahali pa kuyamwaga ya petroli, na bei yake itakuwa ya kuvutia sana. Baada ya hayo yatafuata magari ya umeme yaliyochoka. Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, halikuwekewa mfumo wa maji wa kupoza betri; katika joto la jimbo la Arizona betri zake zilipungua nguvu mapema kuliko wanunuzi walivyotarajia. Joto la Dar es Salaam linafahamika.

Jambo zito kuliko yote limo ndani ya betri yenyewe. Katika betri za lithiamu zinazotumika sasa, ncha moja hutengenezwa kwa kinywe, na kwa uzito hakuna madini ya betri yanayozidi kinywe kwa wingi. Kinywe hicho kimelala katika milima ya Mahenge, wilayani Ulanga, na katika ardhi ya Ruangwa, mkoani Lindi. Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara. Lakini kinywe kinachotoka mgodini hakiwezi kutiwa katika betri. Kwanza husagwa na kutenganishwa na mawe. Kisha vipande vyake bapa huviringwa vikawa chembe za duara. Kisha husafishwa kwa asidi kali au kwa joto kubwa mpaka uchafu ubaki chini ya sehemu 1 katika 1,000. Hatua ya kwanza hufanyika karibu na mgodi. Hatua mbili za mwisho, ambako thamani huongezeka maradufu na zaidi, hufanyika takriban zote China, na tangu Desemba 2023 nchi hiyo imeweka masharti ya vibali kwa kinywe kinachouzwa nje. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili inataka madini yachakatwe nchini. Swali ambalo kila afisa anayekaa mezani kujadili mkataba anapaswa kulijibu ni: yachakatwe mpaka hatua gani?

Indonesia ilijibu swali hilo Januari 2020 kwa kuzuia kabisa mawe ghafi ya nikeli yasiuzwe nje, na viwanda vikaifuata nikeli huko huko. Zimbabwe ilifanya vivyo hivyo kwa lithiamu Desemba 2022. Mifano hii yafaa isomwe yote, si nusu. Viwanda vya Indonesia vingi ni vya Wachina, vinakula makaa ya mawe, na nikeli yao ilipofurika sokoni bei ilianguka kiasi kwamba mwaka 2024 kampuni ya BHP ilisimamisha shughuli zake za nikeli Australia Magharibi. Wakati huohuo, viwanda vingi vya China vimehamia kwenye betri za chuma na fosfeti ambazo hazitumii nikeli wala kobalti hata kidogo. Anayedhani kwamba kuwa na nikeli ardhini ni sawa na kuwa na fedha benki hajaifuatilia biashara hii.

Kinywe kina nafuu zaidi, kwa kuwa betri hizo za chuma nazo hukihitaji. Lakini nafuu hiyo haikuandikiwa hati ya milele. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri ya sodiamu, madini yanayopatikana katika chumvi ya kawaida, na betri ya aina hiyo hutumia kaboni ya namna nyingine badala ya kinywe. Bado ni nzito kwa safari ndefu. Haijulikani itabaki hivyo kwa miaka mingapi, na mgodi hujengwa kwa miaka mingi.

Kibaha kuna kituo cha Nyumbu, ambako Watanzania walibuni na kuunda lori lao wenyewe wakati ambapo wengi walicheka. Lori lile halikuenea, lakini mafundi waliolitengeneza walijua kila nati iliyokuwa ndani yake. Leo TEMESA inatengeneza magari ya Serikali, na VETA inafundisha vijana ufundi wa injini. Fundi wa gari la umeme anashughulika na volti 400 na kuendelea, zinazoua mara moja, na msaada wa bisibisi na ujasiri hautoshi. Mwalimu wa kemia anayefundisha asidi bila kutaja Mahenge, na mwalimu wa fizikia anayefundisha mota bila kutaja bajaji ya umeme inayopita nje ya dirisha, wanawanyima wanafunzi mfano ulio karibu kuliko yote.

Kwa upande wa ofisi liko jambo moja lisilohitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Gari la umeme lenye betri iliyokwisha nguvu halitofautiani kwa macho na lenye betri nzima. Rangi inang'aa na viti ni safi. Kifaa cha kusoma uwezo uliobaki huchomekwa kwenye gari na kutoa jibu kwa dakika chache. Kifaa hicho, pamoja na kiwango cha chini kinachokubalika kilichoandikwa katika kanuni, viwe mikononi mwa mkaguzi kabla meli ya kwanza iliyojaa magari hayo haijatia nanga Dar es Salaam.