Ile karatasi ni ya nyumba kweli?

Barua ya mwezi huu imetoka Likasi. Kijana mumoja anaandika: «Baba, mimi na bibi yangu tumechunga falanga miaka sita. Sasa tumepata nyumba ya vyumba vitatu. Komisionere anasema tulipe mbio, kuko mutu mwengine anaitaka. Fishi ya parseli iko, na kashe ya kartye iko. Notere naye anaomba falanga nyingi. Tumuache?»

Mwanangu, usimuache notere, uache kwanza mbio. Ule «mutu mwengine» wa makomisionere namujua tangu zamani. Alitaka hata nyumba ninamokaa, na mpaka leo hajafika kuiona.

Tuangalie ile karatasi. Katika miji yetu karatasi za parseli ni nyingi: fishi, kitabu cha zamani cha lojere, barua ya shefu wa kartye, akte ya kuuzisha waliyosinye mashahidi wawili. Kila moja iko na kashe, na kashe inatutia moyo. Lakini sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ilisema wazi kwamba udongo ni wa Leta. Mutu anapewa tu haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama juu ya karatasi moja: sertifika danrejistrema. Fishi inaonyesha kwamba mutu anakaa pale na anajulikana kwenye kartye. Haionyeshi kwamba nyumba ni yake. Na kama muuzaji ana kontra ya lokasyo tu, ujue ile ni karatasi ya muda, ya kumuacha mutu ajenge kwanza. Sertifika inakuja nyuma.

Sertifika inaandikwa mara mbili. Moja anaichunga mwenye nyumba, ya pili inabaki ndani ya kitabu kwa konservatere. Basi karatasi ya mkononi mwa muuzaji ni nusu ya maneno. Nusu ingine iko kwenye kitabu, na njo kule notere ao avoka wako anapaswa kukupeleka mbele ya kulipa hata dolari moja.

Nitakuambia namna nilivyojifunza. Mwaka 2011 nilitaka kununua nyumba ya muzee mumoja tuliyeimba naye kwaya, yeye besi, mimi tenori. Alinionyesha sertifika: jina lake, namba, kashe, vyote sawa. Niliona haya kwenda kumuchunguza kwa konservatere, kama vile ninamuita mwizi. Bibi yangu njo alikataa. Aliniambia: «Kama anasema kweli, kitabu kitamusifu. Sasa unaogopa nini?»

Tulikwenda. Kwenye ukurasa wa parseli ile mulikuwa mumeandikwa ipoteki. Muzee alikuwa amekopa kwa banki, na nyumba ilikuwa rehani. Ile aliyonionyesha ilikuwa fotokopi ya rangi. Sertifika yenyewe ilikuwa imelala ndani ya kasha la banki.

Hakuwa mwizi. Alitumaini kuchukua falanga zangu, kulipa banki, kisha kuniletea sertifika. Lakini fikiri: kama angegonjwa katikati ya njia? Ipoteki haimufuati mutu, inafuata nyumba. Banki ingeweza kuiuzisha na mimi ndani, na falanga zangu zingekuwa zimekwisha kuliwa.

Avoka wetu alifanya hivi: tulikutana wote, banki, muzee na mimi. Sehemu ya deni ililipwa moja kwa moja kwa banki. Banki ikasinye barua ya kuachilia nyumba, konservatere akafuta ipoteki, sertifika ya zamani ikarudishwa kwake, na mpya ikaandikwa kwa jina langu na la bibi yangu. Kisha tu muzee akapata falanga zilizobaki. Ilichukua miezi mine. Muzee alikaa muda murefu bila kuniangalia kwenye mazoezi ya kwaya, lakini leo tunasalimiana vizuri.

Kama ni wewe unayekopa kwa banki ili ununue, mambo ni yale yale, ila sasa ipoteki itaandikwa juu ya sertifika yako. Mutu wa sheria wa banki atachunguza karatasi vizuri sana, lakini anachunga falanga za banki. Hatakuuliza kama ukuta umepasuka, wala kama kuko mjane anakaa ndani ya aneksi. Kwa hiyo chukua mutu wako mwenyewe. Avoka wa muuzaji si wako, na komisionere ni wa komisyo yake. Na siku unamaliza deni, usifurahi ukasahau: dai barua ya kuachilia, uende kufutisha ipoteki kwenye kitabu. Wengi wanaacha, kisha watoto wanahangaika.

Muulize muuzaji pia: «Mama wa nyumba eko wapi?» Kodi ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka bwana na bibi wakubaliane wote wawili kwa kuuzisha ao kuweka rehani nyumba, hata kama ndoa yao ni ya mupango gani. Ukinunua kwa bwana peke yake, unanunua na kesi. Ni vile vile kwa mutoto mukubwa anayeuzisha nyumba ya marehemu baba bila ndugu zake.

Sisi wa mikoa ya migodi tuko na neno lingine. Sertifika ni ya juu ya udongo. Mawe ya chini ni ya Leta, na Leta inaweza kuyapa kampuni. Kasulo, kule Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba mwaka 2014, watu wakaanza kuchimba ndani ya parseli zao, na mwaka 2017 sehemu ya kartye ikahamishwa. Kama nyumba iko karibu na mugodi, omba avoka aulize pia kwa kadasteri ya migodi.

Juu ya falanga za notere: omba bei mbele, na iandikwe. Falanga za Leta zinalipwa juu ya noti ya perseption, na banki inakupa bordero. Usizitie mukononi mwa klerki, hata akiwa mutu wa parokia yako.

Basi siku ya Kwanza uende na bibi yako, muombe komisionere namba ya sertifika tu, si zaidi. Akikupa, kimbieni nayo kwa konservatere. Akisema fishi inatosha, chungeni falanga zenu na muendelee kutafuta.

Barua ya mama wa Kipushi, juu ya nyumba ya marehemu bwana wake, tutaijibu mwezi ujao.