Baiskeli, leseni na ukingo wa paa



Jumapili moja tulipotoka kwenye ibada ya kwanza hapa Musoma, tulikuta watu wamekusanyika kando ya barabara. Bibi mmoja, mshirika mwenzetu, alikuwa amegongwa na baiskeli alipokuwa akivuka kuja kanisani. Kijana aliyemgonga alibeba madumu mawili ya maziwa kwenye keria. Breki zilikuwa zimekufa siku nyingi, naye alizoea kusimama kwa kuburuza kandambili kwenye lami. Maziwa yalimwagika. Bibi alivunjika nyonga. Walikuwepo waliotaka kumpiga kijana, na waliotaka baiskeli ishikiliwe mpaka alipe. Alipe nini? Mali yake yote ilikuwa ile baiskeli, na maziwa yenyewe alikuwa ameyachukua kwa mkopo.

Wiki iliyofuata, mzee mmoja wa kanisa aliuliza swali ambalo nimeshindwa kulisahau. Alisema, "Bodaboda wanadaiwa leseni na bima. Baiskeli nazo ziko barabara ileile, zinavunja watu mifupa. Kwa nini zenyewe ziachwe?"

Ni swali la haki, na hakuliuliza kwa chuki. Aliuliza kwa sababu bibi yule alilala kitandani na hakukuwa na mtu wa kumfidia. Leo nakualika, ndugu msomaji, tulitafakari pamoja.

Kwanza tuelewe tulipo. Mwenye pikipiki au gari anatakiwa na sheria za nchi kuwa na leseni ya udereva na bima ya kumlinda mtu mwingine atakayeumizwa. Mwenye baiskeli hadaiwi hayo. Lakini asidhani yuko nje ya sheria. Akiwa barabarani anapaswa kufuata kanuni za barabara kama wengine, na akimuumiza mwenzake kwa uzembe anaweza kudaiwa fidia. Kutokuwa na leseni hakumwondolei mtu wajibu.

Wazo la kuziandikisha baiskeli si geni. Wazee wetu wanakumbuka miaka ambayo mwenye baiskeli alilipia ushuru wa halmashauri. Ule ushuru uliingiza mapato, haukumfundisha mtu kushika breki. Nchi tajiri nazo zimejaribu njia zao. Uswisi, kila baiskeli ilipaswa kubandikwa stika ya mwaka yenye bima ndani yake, lakini utaratibu huo uliondolewa mwanzoni mwa 2012. Japani imekwenda upande wa pili. Mwaka 2013 mahakama ya Kobe iliamuru mama wa mtoto aliyemgonga mwanamke kwa baiskeli, akamwacha hana fahamu, alipe fidia ya yen takriban milioni 95. Baada ya hapo, kuanzia mkoa wa Hyogo mwaka 2015, maeneo mengi ya Japani yaliweka bima ya baiskeli kuwa lazima. Kwa hiyo mzee wetu hakuuliza upuuzi. Watu wazima wenye akili zao wameamua tofauti juu ya jambo hilihili.

Sasa tufungue Biblia. Katika Kutoka sura ya 21, kuanzia aya ya 28, kuna sheria ambayo sisi watu wa Mara, watu wa ng'ombe, tunaielewa bila kutafsiriwa. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alijulikana kuwa mkali, mwenyewe akaonywa na asimfunge, basi damu iko juu ya mwenye ng'ombe. Angalia hekima iliyomo. Torati haikumdai kila mwenye mbuzi kibali cha kufuga. Iliangalia pembe ziko wapi, ikauliza nani alijua na hakufanya kitu.

Tukipima barabara zetu kwa kipimo hicho, pembe ziko wapi? Simama Bunda mjini, au Kiabakari, au Makutano, utazame barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari. Basi na lori zinapita kwa kasi, na pembeni yake mama anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Wakigusana, unajua nani atazikwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Baiskeli inaweza kuumiza, bibi yetu ni shahidi. Lakini ng'ombe mwenye pembe ndefu ni gari.

Hapa lazima nikiri jambo. Mwaka jana nilikuwa naendesha kutoka Bunda nikichelewa mazishi. Mbele yangu alikuwepo mzee kwenye baiskeli. Nilipiga honi ndefu, nikampita kwa karibu, akaingia kwenye changarawe na kuanguka. Nilimwona kwenye kioo akiinuka na kujifuta vumbi, nikaendelea na safari. Leseni yangu ilikuwa halali na bima yangu haijaisha muda. Vyote hivyo havikunifundisha kusimama. Basi nisimdai maskini karatasi ambayo mimi mwenyewe haikunifanya kuwa jirani mwema.

Ndiyo maana naona kumdai kila mwenye baiskeli leseni na bima ni kukosea mahali pa kufunga kamba. Muuza maziwa wa Butiama na mchuuzi wa samaki anayetoka mwaloni Mwigobero wataanza kukwepa askari na mgambo, na baiskeli zao zitaendelea kukosa breki. Tutakuwa tumekusanya ada na kumwacha bibi mwingine avunjike nyonga.

Lakini, ndugu yangu mwenye baiskeli, usifurahi mapema. Biblia haijamalizana nawe. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa lake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Paa za kule zilikuwa bapa, watu walipanda kupumzika. Mungu hakusubiri mtu aanguke ndipo atafute wa kulaumu. Alimwambia mwenye nyumba afikirie hatari kabla haijatokea, na haijalishi nyumba ni ya tajiri au ya maskini.

Sisi tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Tunausema kwenye misiba ili kufarijiana, lakini mara nyingi unaficha uzembe. Breki iliyokufa tangu mwezi uliopita si mapenzi ya Mungu. Kutembea usiku bila taa wala kiakisi mwanga, kubeba mzigo mpana unaofunika njia, kupanda baiskeli ukitoka kilabuni, kumpakia mtoto juu ya mzigo: hayo yote ni paa lisilo na ukingo. Umaskini ni sababu ya kuhurumiwa, si ruhusa ya kumuumiza jirani.

Tusisahau kwamba barabara hizi zina historia ya watu wanyonge. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Na kwa miaka ya karibuni, waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam hadi kijijini kwake kumkumbuka. Tunawashangilia, na ni vizuri. Lakini msafara ukishapita, muuza maziwa anabaki barabarani peke yake, kila alfajiri. Heshima tunayompa mgeni wa siku moja, yeye anaistahili mwaka mzima.

Linabaki swali la bibi. Nani amlipie? Yesu alipojibu swali la jirani ni nani, katika Luka 10, alimtaja Msamaria aliyemkuta majeruhi njiani. Msamaria hakuanza kwa kutafuta mkosaji. Alimfunga majeraha, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili na ahadi ya kulipa zaidi. Ninyi mnaotafuta bima, itazameni hapo: majeruhi alihudumiwa bila kuulizwa amegongwa na nini. Ndiyo maana bima ya kuigombania kwanza ni ile inayomfuata mtu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tuiombee na tudai itekelezwe hadi kijiji cha mwisho, maana nyonga ya bibi inauma vilevile, akigongwa na baiskeli, na lori au na ng'ombe.

Wakati tunasubiri, kanisa lina la kufanya. Kila usharika na kila parokia ina fundi baiskeli. Mwombe Jumapili moja kwa mwezi aketi uwanjani baada ya ibada, akague breki za washirika, na sadaka ndogo inunue waya wa breki na viakisi mwanga kwa asiye navyo. Sisi wenye magari tujifunze kupunguza mwendo na kuacha nafasi tunapompita mtu.

Kwetu tulichanga. Bibi alitibiwa, sasa anatembea kwa mkongojo. Waya mpya wa breki za kijana ulilipiwa na mzee yuleyule aliyeuliza swali. Kijana hupeleka kwa bibi nusu lita ya maziwa kila asubuhi, akilipa deni ambalo hakuna mahakama iliyomwamuru. Wiki iliyopita nilimsikia akipiga kengele kabla ya kufika kwenye kivuko cha kanisa.

Na wewe, msomaji wangu, leo ukitoka ibadani: paa lako lina ukingo?

Nakutakia Jumapili njema, na safari salama ya kurudi nyumbani.