SHAMBA NA MITAMBO: Trakta Inayokataa Kuwaka Asubuhi

Wakulima wa nchi za juu wanaijua sana taabu hii. Trakta imelala salama, mafuta yamo tangini, na jana jioni ilirudi nyumbani na plau yake bila kukohoa hata mara moja. Asubuhi dereva anageuza ufunguo. Injini inazunguka, inatoa moshi mweupe, nayo haiwaki. Majirani wanaitwa kusukuma. Betri inachoka. Kisha saa nne, jua likiisha kupanda, trakta ile ile inawaka kana kwamba haikuwa na neno lolote. Saa tatu za kulima zimekwisha kupotea, na kwa mtu anayelimia wengine kwa malipo, mwenye shamba huenda amekwisha kumwita mwenye trakta nyingine.

Katika hali hii wengi hufanya haraka ya kusema kwamba pampu ya dizeli imekufa, au kwamba injini imelika na yapasa kufunguliwa yote. Hayo yaweza kuwa kweli, lakini ni maneno ya gharama kubwa, na haifai kuyasema kabla ya kukitazama kifaa kimoja kidogo, kisichozidi urefu wa kidole, kilichokazwa katika bomba la kuingizia hewa. Kifaa hicho ni kipasha hewa. Katika matrakta mengi ya zamani yanayofanya kazi hata leo, kama Massey Ferguson 35 na 135 zenye injini ya Perkins ya silinda tatu, kipasha hewa hiki huitwa Thermostart, na ndicho tutakachokieleza leo.

Kwanza na tuone kwa nini kinahitajiwa. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ile ya petroli. Tangu Mjerumani Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake huko Augsburg mwaka 1897, kanuni imekuwa ni hii: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, na mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Katika injini tuliyoitaja, hewa hubanwa mpaka nafasi yake ipungue kiasi cha mara 17 au 18. Ikiwa hewa iliyoingia ni baridi, na chuma cha silinda ni baridi, na stata inazungusha polepole, joto linanyonywa na chuma kabla halijafika kiasi cha kuwasha mafuta. Mafuta hugeuka ukungu mweupe na kutoka nje kwa bomba la moshi.

Mwenye trakta Mombasa hana haja ya kujisumbua na habari hizi. Lakini Molo, Kinangop na Mau Narok ni nchi zilizo futi 8,000 na zaidi juu ya bahari, na huko mambo mawili hukutana. Baridi ni moja, ile ya Julai na ile ya usiku mweupe wa Januari ambapo sakitu huonekana juu ya majani. La pili watu hulisahau: hewa ya huko ni nyepesi. Katika futi 8,000 kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani, kwa hiyo hata injini nzima inabana hewa kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Basi kifaa ambacho mahali pengine ni cha kusaidia tu, huku ni cha lazima.

Kazi ya Thermostart ni ya werevu mwingi. Ndani yake mna kijibomba, na mwanzoni mwa kijibomba mna gololi ndogo inayoziba njia ya mafuta. Waya wa kupasha moto umezungushwa juu ya kijibomba hicho. Dereva akiugeuza ufunguo mahali pa kupasha, umeme wa betri unapita katika waya, kijibomba kinapata moto na kutanuka, gololi inaachia, na dizeli inaanza kudondoka kidogo kidogo. Dizeli hiyo inageuka mvuke kwa joto la kijibomba. Stata inapoanza kuzungusha, hewa inayovutwa inaukuta mvuke huo kwenye ncha ya waya uliowiva mwekundu, moto unawaka ndani ya bomba la hewa, na injini inavuta hewa yenye joto. Ufunguo ukirudishwa, hewa inayopita inakipoza kifaa, gololi inaziba tena, na mafuta yanakoma.

Kutokana na maelezo hayo msomaji ataona kwamba kifaa kinataka vitu viwili pamoja, umeme na mafuta. Kikipata umeme bila mafuta hakitawasha kitu, na waya wake utaungua upesi. Kikipata mafuta bila umeme, gololi haifunguki. Madereva wengi, na mafundi wengine vile vile, huangalia umeme tu, wakiona waya umeunganishwa wanasema kifaa ni kizima.

Kabla ya kushika spana, tazama moshi. Ikiwa stata inazungusha na hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki katika silinda; tafuta hewa katika mabomba, chujio lililoziba, au kizimio ambacho dereva amesahau kukirudisha ndani. Kipasha hewa hakina hatia hapo. Moshi mweupe mwingi bila kuwaka maana yake mafuta yanafika lakini joto halitoshi. Tena uulize: trakta hii ikizimwa saa sita ikiwa moto, huwaka mara moja? Ikiwa huwaka mara moja, ubaya uko katika baridi ya asubuhi, yaani kipasha hewa, betri, au injini iliyoanza kupoteza mbano. Ikiwa inasumbua hata ikiwa moto, usipoteze siku yako na Thermostart.

Betri na ikaguliwe mbele ya kipasha hewa, kwa sababu yote mawili, stata na kipasha, hula kwenye sahani moja. Betri nzima iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vifunguliwe, visuguliwe mpaka ving'ae, na kukazwa. Usisahau waya mnene unaounganisha betri na mwili wa trakta. Huo ndio unaosahauliwa kuliko zote, na pahali unapofungwa hujaa tope na kutu. Mafuta ya injini yaliyo mazito kupita kiasi hufanya betri njema ionekane mbovu, kwa hiyo tumia uzito ulioandikwa katika kitabu cha trakta kwa nchi ya baridi.

Sasa kipasha chenyewe. Geuza ufunguo mahali pa kupasha, stata isizunguke bado. Thermostart hula kiasi cha ampea 12, sawa na taa kubwa za mbele tatu hivi, kwa hiyo ukiwasha taa za trakta utaziona zinafifia kidogo kipasha kinapoanza kula umeme. Zisipobadilika kabisa, yaelekea umeme haufiki, au waya wa ndani umekatika. Baada ya sekunde 15 shika kwa uangalifu chuma cha bomba la hewa karibu na kifaa; yafaa uone kifaa kinapata moto.

Kuna kosa moja katika kupima ambalo limewadanganya watu wengi. Fundi huchukua taa ndogo ya kupimia, anaigusisha kwenye mguu wa Thermostart na kwenye chuma cha injini, taa inawaka, naye anasema umeme upo. Umeme upo, ndiyo, lakini taa ile inataka umeme kidogo sana. Waya ulioliwa na kutu ukabaki na nyuzi mbili tatu utaiwasha taa hiyo bila shida, wala hautaweza kubeba ampea 12. Pima kwa globu ya taa ya mbele badala yake, au kwa mita ya volti wakati kipasha chenyewe kimeunganishwa na kinakula umeme. Ukiona volti zimepungua sana pale mguuni kuliko zilivyo betrini, fuata waya nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye swichi ya ufunguo. Swichi yenyewe mara nyingi ndiyo mkosaji, kwani vidole vyake vya ndani huungua kwa miaka mingi ya kubeba umeme huo mkubwa.

Kujua kama waya wa ndani ya Thermostart umekatika ni rahisi. Ondoa waya kwenye mguu wake, unganisha taa ya kupimia kati ya waya huo na mguu, kisha geuza ufunguo mahali pa kupasha. Taa ikiwaka, umeme unapita ndani ya kifaa mpaka chumani. Isipowaka, na huku umekwisha hakikisha waya una umeme, kifaa kimekatika au hakigusi chuma vizuri kwa sababu ya rangi na kutu katika meno ya skrubu.

Umeme ukiwa sawa, njoo kwenye mafuta. Katika matrakta haya kijibomba chembamba huleta dizeli kwenye kipasha, mara nyingine kutoka kikopo kidogo kilichofungwa juu yake, ambacho hujazwa na mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli. Mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe, hakuna pampu ya kuyasukuma. Kwa hiyo povu moja la hewa, au uchafu wa kiasi cha punje ya mtama, hutosha kuyazuia. Trakta iliyofunguliwa chujio, au iliyoishiwa mafuta kabisa, au iliyokaa msimu mzima bila kazi, huwa na kikopo kikavu. Hapo ndipo kipasha kipya kinapoungua siku ya kwanza, na mwenye trakta humlaumu aliyemwuzia. Legeza nati ya kijibomba pale kinapoingia kwenye Thermostart. Dizeli yapasa ivuje bila mapovu. Isipotoka, ondoa kijibomba, kisafishe kwa pumzi au kwa pampu ya baiskeli, ujaze kikopo, uache hewa itoke, ndipo ukaze tena. Kaza kwa kiasi. Nati hizo ni za shaba, na mkono wenye nguvu huzipasua.

Yote hayo yakiwa mazuri na trakta bado inakataa, fungua Thermostart uitoe nje. Unganisha kijibomba chake cha mafuta, uushikize mwili wake kwenye chuma cha injini kwa waya mnene, na uupe umeme. Jambo hili lifanywe nje ya banda, mbali na majani makavu na mbali na betri, uso ukiwa kando, na debe la mchanga karibu, kwa maana ni moto wa kweli utakaouona. Kipasha kizima huwiva mwekundu kwa muda mfupi, kisha mafuta yanadondoka na kushika moto. Kikiwiva bila kudondosha, gololi imeganda au njia imeziba. Kabla hujakipa umeme, tazama pia kinapokuwa baridi: kisidondoshe hata tone. Kinachovuja kikiwa baridi humwaga dizeli ndani ya bomba la hewa usiku kucha na kuacha kikopo kitupu, na asubuhi hakuna cha kuwasha ila moshi mwingi. Kifaa hiki hakitengenezwi, hubadilishwa kizima.

Huenda pia kifaa hakina ubaya, ila dereva hakufundishwa. Ufunguo ushikwe mahali pa kupasha kwa sekunde 15 mpaka 20, akselereta ikiwa imefunguliwa yote na klachi imekanyagwa, ndipo ugeuzwe mahali pa kuzungusha huku kipasha kikiendelea. Isipowaka kwa sekunde 10 au 15, acha stata ipumzike, upashe tena kidogo, ujaribu mara ya pili. Anayepasha kwa sekunde tatu na kuzungusha kwa dakika nzima anaua betri na stata pamoja.

Lazima tuseme neno juu ya dawa ya etha inayouzwa katika makopo ya kupuliza. Etha na kipasha hewa visikutane kamwe. Etha ikivutwa juu ya waya uliowiva hulipuka ndani ya bomba la hewa, na mlipuko huo waweza kupasua bomba, kuvunja pistoni, na kumchoma aliyeshika kopo. Kitambaa kilichotiwa petroli mbele ya chujio la hewa, na moto wa kuni chini ya tangi la oili, ni ndugu za jambo hilo hilo. Trakta nyingi zimeteketea kwa njia hiyo pamoja na banda. Wanaoegesha trakta mlimani ili iteremke na kujiwasha hawatendi ubaya mkubwa, mradi breki ni nzima na chini hapana watu, lakini wajue kwamba wanaificha taabu, hawaiondoi.

Matrakta mapya yana vipasha vya namna nyingine, vyavu vya waya vinavyopasha hewa kwa umeme peke yake bila dizeli, navyo huamrishwa na rilei. Hivyo hula umeme mwingi zaidi sana, na kwake betri na nyaya ndizo za kutazamwa mara mbili.

Ukienda mjini kununua Thermostart nyingine, ichukue ile ya zamani mfukoni. Ziko za meno mbalimbali na za vijibomba vya ukubwa mbalimbali, na zinafanana kwa macho. Zipime meno kwa kuziweka pamoja pale pale dukani kabla ya kulipa, uhakikishe imeandikwa volti 12, na ukifika nyumbani ujaze kikopo cha mafuta kwanza ndipo uguse ufunguo.