Baridi Si Kifungo! Wavisheni Sawasawa, Kisha Waacheni Wakimbie



Leo tunazungumza hasa na ndugu zetu mlioko Kanada, kwenye miji kama Montreal na Ottawa, ambako wamo watu wetu waliotoka Bujumbura, Bukavu, Goma na Kigali, na ambako wanafunzi wapya hushuka kwenye ndege na koti moja jepesi. Lakini hata nyinyi mliobaki nyumbani someni, kwa sababu sehemu ya tatizo hili inatoka kwenye simu zenu.

Tatizo lenyewe ni kwamba majira ya baridi yakiingia tunajifungia ndani. Mtoto anatoka shuleni anaingia kwenye basi, anashuka kwenye basi anaingia sebuleni, hita imewashwa, pazia limefungwa, simu mkononi mpaka wakati wa kulala. Mwanafunzi naye ni darasani, metro, chumbani. Tangu Novemba mpaka Machi, miezi mitano! Theluji ikiyeyuka tunashangaa: mbona mtoto amenenepa, mbona halali vizuri, mbona kijana aliyekuwa mchangamfu amekuwa mkimya na mkali? Tunatafuta sababu kwenye husuda ya watu, kwenye marafiki wabaya, kwenye intaneti. Hatuitafuti kwenye mlango ambao haufunguliwi ila kwa kwenda shule.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 limesema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Humo hamkuandikwa "isipokuwa Januari". Na kukimbia ndiyo mazoezi rahisi kuliko yote, hayana kiingilio wala kocha.

Tunajua mtakachojibu. "Sisi ni watu wa jua, mambo ya theluji tuwaachie wenyewe." Hivi kweli? Mwaka 1992 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Boston, Marekani, njia imefunikwa na theluji. Aliyeshinda ni John Ngugi wa Kenya, na lilikuwa taji lake la tano. Mwaka 2013 mashindano hayo hayo yalikuwa Bydgoszcz, Polandi, katika baridi na theluji vilevile, akashinda kijana mwingine wa Kenya, Japhet Korir. Hatusemi mtoto wako ni Ngugi. Tunasema tu kwamba damu ya Mwafrika haigandi kwa kuiona theluji. Vénuste Niyongabo alipoiletea Burundi dhahabu ya mita 5,000 kule Atlanta mwaka 1996 tulishangilia sote, ila kukimbia kwenyewe tumewaachia wengine.

Kisha kuna bibi, Mungu amweke, anayepiga simu kutoka Buyenzi: "Mjukuu wangu asitoke nje, atapata nimonia!" Bibi tunamheshimu, na huruma yake tunaijua. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi hupata kazi rahisi pale watu wanapojazana kwenye chumba kilichofungwa madirisha, wakipumua hewa ile ile kutwa. Mtoto anayekimbia nusu saa kwenye hewa safi akiwa amevaa vizuri, hatari yake iko wapi kuliko yule aliyekaa na binamu zake saba mbele ya televisheni moja?

Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu, KUVAA VIZURI. Wengi wetu hatujui kuvaa kwa ajili ya baridi, tunajua kurundika nguo tu. Fulana ya pamba, juu yake sweta la pamba, juu yake koti zito la kufika magotini, skafu imezungushwa mara tatu. Mtoto anatoka kama gunia la mchele. Baada ya dakika kumi jasho linamtiririka, pamba inalinywa jasho na kukaa nalo, halafu akisimama kidogo tu upepo unampiga ndani ya nguo mbichi. Maji hupitisha joto la mwili haraka kuliko hewa, kwa kiasi cha mara 25 hivi. Basi mtoto anarudi anatetemeka, mama anasema, "Si niliwaambieni?" La, mama. Kilichomtetemesha ni ile fulana.

Mtu anapokimbia, karibu robo tatu ya nguvu zinazotumiwa na misuli hugeuka kuwa joto. Yaani mwili wenyewe ni jiko. Kinachotakiwa ni kulihifadhi joto hilo na kuutoa unyevu nje. Nguo inayogusa ngozi isiwe pamba, iwe poliesta nyepesi inayokauka haraka, au sufu. Sufu hata ikiloa kidogo bado inatia joto. Juu yake sweta jepesi lenye manyoya laini ndani. Juu kabisa jaketi jembamba la kuzuia upepo, lenye zipu, ili joto likizidi uifungue. Siku isiyo na baridi sana, hilo la katikati liache nyumbani. Wakimbiaji wana kanuni yao: vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi 10 kuliko ilivyo. Ukitoka mlangoni ukasikia baridi kidogo, umevaa sawa. Ukiwa mlangoni tayari umestarehe, rudi upunguze.

Mwili ukisikia baridi huvuta damu kuelekea kifuani na tumboni kulinda moyo na viungo vya ndani, kwa hiyo vinavyoumia mwanzo ni vidole, masikio na pua. Huko ndiko pa kuwekeza. Glavu zinazotenganisha kidole gumba peke yake hutia joto zaidi kuliko zile za vidole vitano, kwa kuwa vidole vinne hupeana joto. Soksi ziwe za sufu, jozi moja tu. Jozi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu na mguu unapoa zaidi. Na yale maneno kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli, kichwa hupoteza joto kama sehemu nyingine yoyote iliyo wazi. Kofia ivaliwe, lakini kofia peke yake haimwokoi aliyevaa pamba.

Kwa wenye kuchukua udhu kabla ya kutoka: kausheni miguu, uso na nywele mpaka zikauke kweli kweli, hata katikati ya vidole. Ngozi mbichi na upepo wa Januari havipatani.

"Hizo nguo ni ghali." Ziko ghali, ndiyo, ukizitafuta kwenye duka lenye taa nyingi na jina kubwa. Lakini sisi si ndio watu wa mitumba? Kanada nayo ina maduka ya nguo zilizovaliwa, na majaketi ya michezo yamejaa humo. Mtu aliyejua kuchambua mtumba Bujumbura hashindwi kuchambua Montreal. Pesa mpya ziwekeni kwenye viatu, na kama njia ina barafu kuna mipira yenye meno ya chuma ya kuvalisha juu ya kiatu. Penye barafu hatua ziwe fupi.

Sasa tuje kwa mabinti, kwa sababu wao ndio wanaofungiwa zaidi. Anaambiwa kukimbia nje si adabu kwa msichana mwenye hijabu, watu watamtazama. Wazazi, hebu tumieni akili! Ni majira gani basi yanayomfaa binti huyo kuliko majira ya baridi? Katika nyuzi 15 chini ya sifuri kila mtu njiani amefunika kichwa, shingo, mikono, na wengine hata uso. Padri amejifunika, profesa amejifunika, polisi amejifunika. Huo ndio msimu ambao binti yako hatofautiani na yeyote. Kiangazi akitoka anaona macho ya watu, sawa. Mbona basi Januari nayo mnamnyima? Amepokewa Bi Aisha kuwa alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, na mara ya kwanza akamshinda. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda mita 200 katika Michezo ya Asia kule Doha mwaka 2006 akiwa na hijabu yake. Hijabu haijamfunga mtu miguu.

Ila ivaliwe ya kazi hiyo. Mtandio wa pamba huloa kwa pumzi na jasho ukawa mgumu kama ubao. Atumie hijabu ya michezo ya kitambaa kinachokauka, iingizwe ndani ya jaketi, bila pini, kwani chuma kilichopoa juu ya ngozi ya shingo hakipendezi. Baibui refu liachwe nyumbani, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa upepo hulizungusha miguuni na chini kuna barafu. Shati pana la kufika magotini juu ya suruali isiyobana linatosha na linasitiri.

Hatusemi watu watoke hovyo. Kuna siku za kukaa ndani, wala si aibu. Watabiri wa hewa wa Kanada hutangaza baridi pamoja na nguvu ya upepo: nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 20 kwa saa, mwili huziona kama 18. Ikishuka kupita 27 chini ya sifuri kwa hesabu hiyo ya upepo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Siku hizo fanyeni mazoezi sebuleni. Mwenye pumu azungumze na daktari wake kwanza, na afunike mdomo ili hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani. Lakini hesabuni wenyewe kwenye kalenda: siku za namna hiyo ni chache, na siku mlizojifungia ni zote.

Wakati nao upo. Mwishoni mwa Desemba jua la Montreal huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuchwa kama saa kumi na robo jioni. Alfajiri huingia kwa kuchelewa, si kama Juni ambapo huingia usiku wa manane, kwa hiyo hakuna wa kusingizia usingizi. Jumamosi baada ya jua kutoka, pandeni Mont Royal kwa ile barabara ya Olmsted, ni ya changarawe na mwinuko wake ni wa taratibu. Mtakuta watu wazima wanakimbia hapo Januari yote. Mwanafunzi anayetoka darasani gizani avae kizibao kinachong'aa, na wawe wawili au watatu.

Nanyi kina mama wenye wasiwasi, nendeni nao. Mkirudi, wavue nguo zilizoloa hapo hapo, kabla ya kukaa na kuanza kusimulia, maana mwili ukisimama lile jiko linazimika. Soksi kavu, fulana kavu, na chai ya tangawizi iwe jikoni.

Wassalaam.