Nafuu siyo kupona

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo kwenye shuhuda zetu huwa tunayachanganya: nafuu na kupona. Aliyepata nafuu amepunguziwa mzigo, aliyepona ameutua. Leo tuyatenganishe, kwa ajili ya ndugu zetu wenye upungufu wa homoni ya thairoidi.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, na homoni yake huongoza kasi ya kazi za mwili. Ikipungua, mtu huchoka bila kufanya kazi, husikia baridi hata katika joto letu la Bagamoyo, ngozi hukauka, choo hufunga, uzito huongezeka, na huzuni humwandama. Huyo huitwa mvivu, au watu hunong'ona kwamba amerogwa. Kumbe anaumwa. Wanawake ndio wanaopatwa zaidi.

Dawa yake, levothairoksini, ni kidonge kidogo cha kila siku. Baada ya wiki mbili tatu wengine huanza kuona mabadiliko: mama anaamka mwenyewe, anarudi kwenye biashara yake, anasimama tena na wanakwaya wenzake. Hapo ndipo hatari inapoingia. Zaidi ya mara moja nimesikia katika jumuiya ndogo ndogo mtu akishuhudia kwamba Bwana amemponya, hivyo vidonge ameviweka kando. Tunapiga vigelegele. Wiki kadhaa baadaye dawa iliyobaki mwilini inaisha, uchovu unarudi polepole, naye anaona aibu kusema, maana alishashuhudia. Akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni naye yumo hatarini.

Tusome Marko 8:22-26. Pale Bethsaida Yesu alimgusa kipofu, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakujibu ili kumfurahisha. Alisema ukweli: anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Yesu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona sawasawa. Ukweli wake haukuuzuia muujiza.

Daktari naye huuliza mara ya pili. Dawa hii hujengeka mwilini taratibu, ndiyo maana kipimo cha damu kiitwacho TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane ili dozi irekebishwe. Wengine huchukua miezi kadhaa kujisikia vizuri. Anayeacha kwa sababu ameona nafuu, na anayejiongezea vidonge kwa sababu nafuu inachelewa, wote wana haraka. Huyu wa pili anaweza kuuumiza moyo wake. Wavuvi wetu wanajua kwamba bahari haijai kwa wimbi moja.

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kumtibu mama wa miaka 46 kwa dawa iliyotokana na tezi za kondoo. Katika miezi michache alibadilika sana, lakini dawa hakuiacha. Aliishi miaka 28 zaidi, akafariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Nani atasema Mungu hakumtendea mema?

Kwa wengi wenye ugonjwa huu, dawa ni ya maisha yote. Hilo si pungufu ya imani. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kuwa dawa ni kazi ya Mungu na mwenye busara haidharau. Mkate wetu tunauomba wa kila siku. Kwa nini tuone haya kupokea afya kwa namna hiyo hiyo?

Ndugu zangu wa jumuiya, mtu akisema amepata nafuu, tumshukuru Mungu pamoja naye, kisha tumuulize tarehe ya kurudi kupima. Nauli ya Dar es Salaam na gharama ya kipimo humshinda mtu. Mchango wetu utamfaa kuliko vigelegele.

Nawe unayetumia dawa hii, imeze kwa maji kabla ya kula, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Maji na dawa havivunji mfungo wa Ekaristi. Muda huo unatosha kwa sala ya asubuhi.

Jumapili njema.