Nepi za Leso
Wazazi wenzetu, mtoto hukua upesi, na nepi za dukani hutupwa zikiisha kutumika mara moja. Tunazo leso kuukuu masandukuni, laini kwa kufuliwa. Jozi 2, kila upande ukikatwa vipande 6, hutupatia nepi 24. Mchanga tumkunjie pembetatu. Akikua, tuzidishe kipande cha taulo katikati, wala tusinunue saizi nyingine. Haja kubwa iondolewe kwanza, nepi ifuliwe kwa sabuni, kisha imiminiwe maji safi itoharike, na ianikwe juani. Maji ya mkokoteni nayo yana bei. Basi tufue kila siku, doa lisikauke likadai madumu zaidi. Fedha itakayosalia tumnunulie samaki mama anyonyeshaye.