Mafunzo ya usalama kazini yafike hadi kwa mkulima

Aprili 28 kila mwaka ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilianza kuiadhimisha mwaka 2003, na hapa nchini Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) huisimamia kwa maonyesho, hotuba na tuzo kwa makampuni yanayofanya vizuri. Ni jambo jema na linastahili pongezi. Lakini anayetazama orodha ya wanaoalikwa na wanaopewa tuzo ataona viwanda, migodi, mabenki na makampuni ya ujenzi. Mkulima wa Morotonga mwenye bomba la dawa mgongoni, au kijana anayeendesha mashine ya kusaga pale Mugumu, hamo.

Tunadhani wakati umefika naye awemo, na njia ya kumfikia tunayo tayari. Njia hiyo ni vyuo vyetu vya hapa hapa Mara.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Sheria ya zamani iliyolinda watu kazini ilikuwa ile ya viwanda ya mwaka 1950, iliyotungwa na serikali ya kikoloni. Kama jina lake lilivyosema, macho yake yalikuwa kiwandani. Wakala wa OSHA ulianzishwa mwaka 2001, na mwaka 2003 Bunge likapitisha Sheria Namba 5 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, iliyofuta ile ya zamani na kutoka nje ya kiwanda kwenda mahali pengine pa kazi. Miongoni mwa mengine, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne amteue mwakilishi wa usalama na afya.

Sheria imetoka kiwandani, lakini mafunzo kwa sehemu kubwa yamebaki mlangoni. Yanakwenda palipo na mwajiri, kwa sababu mwajiri ndiye anayebanwa na ndiye anayelipa ada. Katika mgodi mkubwa kama ule wa North Mara pale Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, mtu hapewi kazi kabla ya kufundishwa kuhusu hatari zake, na kofia ngumu na buti ni masharti. Nje ya uzio wa migodi ya namna hiyo, mchimbaji mdogo anashika zebaki kwa mkono mtupu. Mbele kidogo mkulima anachanganya dawa kwa kijiti huku upepo ukimpulizia usoni. Wote wako kazini, lakini mmoja ana mtu anayelazimishwa na sheria kumfundisha, na wengine hawana.

Tofauti hiyo inaonekana zaidi siku ya ajali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, humlipa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, na michango yake hutolewa na mwajiri. Ni mfuko wa walioajiriwa. Mkulima anayejilimia na mfanyabiashara anayejiajiri wakiumia, fidia yao ni ng'ombe anayepelekwa mnadani, shamba linalokodishwa kwa bei ya shida, au mtoto anayekatishwa masomo. Mtu ambaye mwili wake ndio mtaji wake hana bima nyingine kuliko kujua namna ya kutoumia.

Wapo watakaosema kuwa kilimo ni kazi ya asili, babu zetu walilima bila kozi. Babu zetu hawakulima kwa sumu. ILO huitaja sekta ya kilimo, pamoja na uchimbaji na ujenzi, kuwa miongoni mwa kazi zenye hatari kubwa kuliko zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa watu milioni 385 duniani hupata madhara ya ghafla ya viuatilifu kila mwaka bila kukusudia, wengi wao wakiwa wakulima. Wengi hawafi. Wanaumwa kichwa, wanatapika, macho yanafifia, jasho linawatoka, na siku mbili baadaye wanasema ilikuwa malaria.

Tuchukue mambo machache ambayo mtu akifundishwa mara moja hayasahau.

La kwanza ni rangi iliyopo chini ya lebo ya chupa ya dawa. Nyekundu ni sumu kali kabisa, njano ni kali, bluu ni ya wastani na kijani ni ya hatari ndogo zaidi. Asiyejua kusoma anaweza kuitambua rangi. Lakini ni wanunuzi wangapi katika maduka ya pembejeo huielewa, na ni wauzaji wangapi huieleza? Na dawa inapouzwa kwa kupimwa kwenye chupa ya soda, hata hiyo rangi haimfikii mnunuzi.

La pili ni njia ambayo sumu hupita. Wengi hufunga kitambaa puani na kuona wamejikinga, kumbe dawa nyingi huingia kwa ngozi, hasa bomba linapovuja na kulowanisha mgongo. Nguo iliyolowa dawa ni ya kuvuliwa papo hapo, na mwili kuoshwa kwa sabuni na maji mengi. Katika wilaya zetu za wafugaji wapo pia wanaoamini kuwa kunywa maziwa baada ya kupulizia huondoa sumu. Maziwa hayaondoi sumu hiyo. Aliyedhurika awahishwe hospitali pamoja na chupa au lebo ya dawa aliyotumia, ili daktari ajue anatibu nini.

La tatu ni vidonge vya kufukiza nafaka. Vikikutana na unyevu wa hewani hutoa gesi inayoua wadudu, na inayoua watu vilevile, wala haina dawa ya kuipinga mwilini. Anayeweka vidonge hivyo katika gunia la mahindi na kulala nalo chumba kimoja pamoja na watoto anahatarisha maisha ya nyumba nzima. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, huhifadhi mahindi bila sumu yoyote.

La nne ni chupa tupu. Huoshwa kisha ikatiwa mafuta ya taa, mafuta ya kula, hata maziwa. Kanuni ni kuisuuza mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba, kisha chupa itobolewe ili isitumike tena kwa kitu kingine.

Kwa wafanyabiashara wadogo orodha ni ndefu vilevile. Mkanda wa mashine ya kusaga usio na kizuizi unaweza kunasa khanga au mkono wa shati na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele. Kelele zenyewe ni hatari: kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja tu kutoka kwako akusikie, masikio yako yanaharibika kidogo kidogo na hayatarudi. Kijana anayechomelea kwa miwani ya jua anaunguza macho yake. Kwenye karasha za mawe ya dhahabu, vumbi lenye chembe za mwamba hukaa kwenye mapafu na kufungua mlango wa kifua kikuu, ilhali kulowanisha mawe kwa maji hupunguza vumbi hilo kwa kiasi kikubwa.

Zebaki nayo ina darasa lake. Huko Japani, katika mji wa Minamata, mwaka 1956 ndipo ulipotambuliwa ugonjwa uliowapata wavuvi na familia zao kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki ulipewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Sisi tunaoishi kando ya Mto Mara, unaomwaga maji yake Ziwa Victoria, hatuna sababu ya kuliona jambo hilo kuwa la mbali. Mchimbaji anayechomea dhahabu jikoni anawavutisha moshi wa zebaki mke na watoto wake. Kifaa kilichofunikwa kinachonasa moshi huo na kuirudisha zebaki kwenye chombo kipo, na mafundi wetu wanaweza kukitengeneza.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji miaka miwili darasani. Ni mambo ya siku mbili, kwa Kiswahili, bomba likiwa mezani na mashine ikiwa imefunguliwa.

Na vyuo tunavyo. Tarime kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na Bunda kuna Kisangwa. Vyuo vya aina hii vilianza nchini mwaka 1975, kwa mfano uliochukuliwa Sweden, kwa kusudi la kumfundisha mtu mzima jambo litakalomsaidia akirudi kijijini kwake. Musoma kuna chuo cha VETA kinachofundisha ufundi wa kuchomelea, umeme na magari. OSHA nayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza yenye wakaguzi na wakufunzi. Kwa upande wa viuatilifu ipo mamlaka kamili iliyoundwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Wataalamu wapo, madarasa yapo na wenye shida wapo. Kinachohitajika ni kuwakutanisha.

Hapa ndipo ugumu ulipo, na hatupendi kuuficha. Mkulima wa Morotonga anayetaka kozi Mwanza lazima apite Nata hadi Bunda, kisha ashike barabara kuu ya kando ya ziwa, alipe nauli, chakula, malazi na ada, na shamba libaki bila mtu. Hataenda, na hatuwezi kumlaumu. Aidha, kumfundisha mtu avae glavu za mpira wakati hakuna duka la pembejeo linaloziuza ni kumpa maneno matupu. Na ipo hatari kwamba kozi zitageuka biashara ya vyeti, mtu akilipa leo na kubeba karatasi kesho bila kushika bomba.

Kwa hiyo tunatoa rai nne.

Kwanza, vyuo vyetu kwa kushirikiana na OSHA viandae kozi fupi ya siku mbili kwa wakulima na nyingine kwa wenye mashine, karasha na karakana. Ifundishwe katika kata, kwenye jengo la shule au ofisi ya kata, kabla ya msimu wa kupulizia dawa na si katikati yake. Mtihani wake uwe wa vitendo: mtu achanganye dawa, arekebishe bomba linalovuja na aoneshe anavyomsaidia aliyedhurika.

Pili, halmashauri za Tarime na Serengeti zitumie nguvu iliyomo mikononi mwao. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba mkopo wa mashine ya kusaga au vifaa vya kuchomelea kipitie kwanza kozi hiyo bila malipo. Halmashauri itakuwa imelinda fedha zake, kwani mkopaji aliyekatika vidole hawezi kurejesha mkopo.

Tatu, wenye maduka ya pembejeo wawe wanafunzi wa mwanzo. Mkulima humsikiliza muuzaji kuliko bango. Muuzaji aliyefundishwa, mwenye glavu, buti za mpira na miwani ya kujikingia rafuni, atauza dawa pamoja na kinga yake, na hiyo ni biashara pia.

Nne, vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa kule Tarime na wa pamba huku Serengeti viweke mafunzo haya kwenye ajenda za mikutano yao mikuu, sawasawa na mbegu na mbolea. Na wanafunzi wa kuchomelea VETA, ambao lazima wafanye kazi za mikono ili wafuzu, watengeneze vizuizi vya mikanda kwa mashine za kusaga za mkoa huu. Watajifunza ufundi huku wakiokoa mikono ya watu.

Mwezi Juni 2022 nchi wanachama wa ILO zilikubaliana kuwa mazingira salama na yenye afya kazini ni moja ya haki za msingi za kila mfanyakazi. Azimio hilo halikusema haki hiyo ni ya mwenye barua ya ajira peke yake.

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, nawe una sehemu yako. Msimu huu unapokwenda dukani, uliza rangi ya lebo kabla hujauliza bei. Ukiitwa kwenye mkutano wa kijiji na diwani akauliza mahitaji, taja mafunzo haya pamoja na barabara na maji. Mmiliki wa mashine, funika mkanda wiki hii kwa wavu au kipande cha bati bila kungoja mkaguzi. Viongozi husikia jambo linaloombwa na wengi, na hadi sasa ni wachache mno walioliomba hili.